Kifungo Kinanibana

Marehemu alikuwa ameketi. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta kuliko uso wenyewe, ingawa uso ulitisha: umevimba mpaka macho yamezama, midomo imekuwa ya buluu, shingo imejaa, na mkono wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto. Mwanamke wa makamo, kilemba kichwani, ameegemea mito miwili kwenye kiti mbele ya cherehani yake. Tepu ya kupimia ilining'inia shingoni. Mapajani alipakata shati jeupe la kiume, na sindano yenye uzi ilikuwa bado imechomekwa kwenye kola.

"Amenyongwa," alisema koplo. "Kwa tepu hiyo hiyo. Mtu kamnyonga fundi kwa tepu yake mwenyewe."

"Umeshamaliza kesi?"

"Nakusaidia tu, afande."

Kituoni walimwita Inspekta Bi Taratibu, na hawakuwa wakimsifu. Mwenzake mmoja aliapa kwamba mama huyu akitumwa kuzima moto, ataanza kwa kuuliza kuni zilinunuliwa wapi. Yeye alilijua jina hilo na alilipenda, ila hakumwambia mtu.

Alivaa glavu, akainua tepu kwa ncha ya kalamu. Ngozi ya chini yake ilikuwa nzima, bila mkwaruzo wala alama ya kamba. Kisha akatazama gauni. Begani, upande wa kulia, lilikuwa na mpasuko uliofunikwa kwa kipande cha kitambaa, kazi safi ya mkono unaojua. Akafungua kabati. Magauni yote, ya kutokea na ya kushindia, yalikuwa na mpasuko pale pale.

"Mtindo," alisema koplo.

"Huenda."

"Na mlango ulifungwa kwa nje, afande. Sisi ndio tuliouvunja. Ufunguo anao mumewe. Niandae pingu?"

"Andaa mifuko ya vielelezo kwanza."

Koplo akatia shati, uzi, tepu na vitu vidogo vya mapajani kwenye mifuko, akinung'unika.

Aliyewaita polisi alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mama mwenye sauti ya kuita watoto watatu mitaani kwa mpigo. Asubuhi hakuisikia cherehani, akaja kubisha, akachungulia dirishani, akapiga ukelele.

"Na ningepiga simu jana, leo angekuwa hai," alisema, akifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Jana kulikuwa na nini, mama?"

"Ukuta wetu huu ni jina tu, dada'ngu. Mtu akipiga chafya kule, mimi huku namwambia afya. Sasa jana jioni, mume hajarudi, nikamsikia analia kwenye simu. Akasema hivi, sikuongezei neno: 'Kifungo hiki kinaniua. Kinanibana, hata kupumua siwezi. Lakini asijue. Akijua tu, tumekwisha.'"

"Kifungo?"

"Kifungo! Si umeuona mlango? Wiki hii nzima bwana anaondoka alfajiri, anafunga kwa nje, anakwenda zake na ufunguo mfukoni. Mgonjwa wa watu, ana saratani, kafungiwa kama kuku. Na siku hizi anavaa mikono mirefu na mtandio shingoni, joto lote hili. Anaficha nini kama si vipigo?"

"Uliwahi kusikia ugomvi?"

Jirani akanywea kidogo. "Hapana. Kucheka tu. Lakini wapole ndio wa kuogopwa."

Mume alifika akikimbia kutoka kwenye tanuri la mikate alikofanya kazi. Aproni ilikuwa bado kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko, na ufunguo ameushika mkononi kana kwamba mlango ulikuwa bado unahitaji kufunguliwa. Watu waliojaa kibarazani walimpisha bila kumsalimia.

Mdogo wa marehemu alikuwa ameshafika. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye madoa ya rangi za watoto kwenye blauzi. Alimnyooshea kidole.

"Muulizeni mwenye ufunguo!" alisema. "Muulizeni yeye!"

Mume alimtazama koplo aliyemzuia mlangoni.

"Amefunikwa miguu?" aliuliza. "Huwa anasikia baridi miguuni."

Inspekta alirudi ndani. Akachukua shuka kitandani, akaifunika miguu ya marehemu kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja pembeni vizuri. Koplo aliona, akavua kofia.

Kituoni, mume aliketi akiwa ameweka mikono mezani. Ilikuwa mikubwa, na unga ulikuwa umekauka kwenye mistari ya viganja.

"Kwa nini ulimfungia mkeo ndani?"

"Aliniomba. Kitasa chetu kigumu, na wiki hii mkono wake haukuwa na nguvu, akawa hawezi kuzungusha ufunguo. Akasema, funga wewe, mimi nipate usingizi kidogo."

"Alikuwa akilala wapi?"

"Kitini. Alisema akilala chali mgongo unamsumbua. Leo nilitoka bado giza, sikutaka kumwamsha."

"Na mkono ulikuwa na nini?"

"Cherehani. Alisema ni uchovu wa cherehani. Fundi hakubali kupumzika, afande. Dripu leo, kesho yuko kwenye pindo la mtu."

Inspekta aliegemea mbele.

"Jana jioni alimwambia mtu kwamba kifungo kinamuua. Kinambana, hapumui."

Katika kazi hii alikuwa ameshawaona waume wengi wakisikia maneno ya namna hiyo. Hupiga meza, huapa, humtukana jirani. Huyu aliinua kichwa polepole.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Alimwambia nani?"

"Maswali nauliza mimi, kaka."

"Alimwambia nani, afande? Kwa nini hakuniambia mimi?"

Yule mwanamume akaigeuza mikono yake, akavitazama viganja.

"Basi ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyemuua. Nilimkanda. Kila jioni nikitoka kazini nilimkanda mkono ule kwa mafuta ya moto, kutoka kiganjani mpaka begani. Kwa nguvu, kama ninavyokanda unga. Akiniambia inauma, namwambia vumilia, ndiyo unapona. Andika hivyo nitie sahihi. Naomba kuuliza neno moja tu."

"Uliza."

"Mazishi ni kesho. Mtaniruhusu nimzike?"

Koplo alikuwa ameshafungua kalamu. Inspekta akaifunika kifuniko chake, akamvuta koplo ukumbini.

"Amekiri, afande!"

"Amekiri kukanda."

"Na ule mkono uliovimba? Na jirani?"

"Sikiliza. Ukimwambia mtu mkewe alilia kwa ajili ya kifungo, atakwambia hakumfunga. Huyu hata hakujitetea. Kaumia kwamba hakuambiwa yeye. Sasa niambie, kifungo gani hicho ambacho mume alitaka aambiwe?"

Koplo alifikiri. "Sijui, afande."

"Hata mimi sijui. Tukaulize anayejua."

Katika chumba cha maiti, daktari aliyefanya uchunguzi alizungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa na kawaida hiyo na wafu wote, na Inspekta alimheshimu kwa hilo.

"Hajanyongwa," alisema. "Mfupa wa koo ni mzima. Misuli ya shingo haina mchubuko hata mmoja. Njoo uone kilichomuua."

Kwenye sinia la chuma palikuwa na kitu kidogo cha duara, kinene kidogo, kimeunganishwa na mrija mwembamba mrefu. Mrija ulikuwa umefunikwa na bonge la damu, jeusi na gumu.

"Hiki kilipandikizwa chini ya ngozi, hapa, chini ya mtulinga, mfupa huu wa juu ya kifua. Mrija wake unapita ndani ya mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo. Dawa za saratani ni kali, zinaunguza mishipa midogo ya mkono. Zikipitia hapa zinaingia salama, na mgonjwa hachomwichomwi kila mara. Ni kifaa kizuri, kimesaidia watu wengi."

"Lakini?"

"Lakini saratani yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda, na mrija ukikaa ndani ya mshipa unaongeza hatari hiyo. Si kwa kila mtu, ni kwa baadhi. Kwake iliganda kuuzunguka mrija, ikaziba mshipa. Damu ya mkono, ya shingo na ya uso ikakosa njia ya kurudi kwenye moyo. Ndiyo uvimbe uliouona. Ndiyo sababu alikuwa analala ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Mwishowe kipande cha bonge kikakatika, kikaenda kwenye mapafu."

Inspekta alikumbuka mito miwili mgongoni na ufunguo usiozunguka. Alikumbuka mtandio shingoni wakati wa joto.

"Mumewe alimkanda mkono. Je, ndiye aliyekikata kipande hicho?"

Daktari alivua miwani. "Tunawashauri watu wasikande mkono uliovimba namna hii. Lakini kama ni kukanda, au kuinuka kunywa maji, au si lolote kati ya hayo, hakuna daktari mkweli atakayekuapia. Bonge lilikuwa kubwa, na si la jana."

"Angewahi hospitali?"

"Angekuja mkono ulipoanza kuvimba, tungempiga picha ya mshipa, tungempa dawa za kuzuia damu kuganda. Wengi wanapona."

"Na kifaa mngekitoa?"

"Kikiwa kinafanya kazi, bado kinahitajika, na hakina maambukizi, mara nyingi tunakiacha. Matibabu yanaendelea."

Inspekta alikitazama tena kile kiduara. "Wagonjwa wenyewe wanakiitaje?"

"Kila mtu na jina lake." Daktari alitabasamu kidogo. "Yuko mama anakiita kengele. Mzee mmoja anakiita mpangaji, kwa sababu kinakaa bure."

Inspekta akayaona magauni kabatini, yote na mlango wake mdogo begani, ili muuguzi asimvue fundi nguo kila akitaka kumpa dawa. Akaiona ile kola ya shati jeupe na sindano iliyochomekwa mkabala na tundu lisilo na kitu cha kulifunga.

"Huyu alikuwa mshonaji," alisema. "Huyu alikiita kifungo."

Akasimama pale bila haraka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo machozi yakamlenga. Mwanamke alikuwa ameita msaada kwa neno la nyumbani kwake, na ukuta mzima ukalisikia vibaya.

Simu ya marehemu ilionyesha aliyezungumza naye mwisho. Alasiri, mwalimu wa chekechea aliketi kwenye kiti kile kile alichoketi shemeji yake.

"Dada yako alikupigia jana jioni."

"Kunijulia hali."

"Alilia."

Mwalimu alikwangua doa la rangi kwenye blauzi.

"Alikwambia kifungo kinambana."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Inspekta alisubiri, kazi aliyoijua kuliko zote.

"Asubuhi ulituambia tumuulize mwenye ufunguo," alisema hatimaye. "Tulimuuliza. Sasa nakuuliza wewe, mdogo wangu. Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa wiki." Sauti ilitoka kavu. "Nilijua, afande. Mimi ndiye niliyejua. Siku kinawekwa nilikuwepo. Muuguzi alitukalisha, akasema mkono ukivimba, au shingo, au uso, au pumzi ikiwa fupi, msingoje kesho, njooni siku hiyo hiyo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Hata nilimrudishia maneno yake kama wanafunzi wangu wanavyonirudishia wimbo."

"Halafu mkono ukavimba."

"Ukavimba. Nikamwambia dada, twende. Akasema wakiona watakitoa, na ilibaki dripu moja tu, ya Alhamisi. Moja! Baada ya yote aliyopitia. Yule mama wa kitanda cha pili hospitalini, chake kilitolewa, dripu zikasimamishwa, na hatukumwona tena."

"Kilitolewa kwa nini?"

"Kilikuwa na usaha. Alipata vijidudu."

"Na dada yako alikuwa na usaha?"

Mwalimu alifumba macho. "Hapana. Tulidhani yote ni mamoja."

"Na shemeji yako?"

"Dada alisema shemeji akijua tumekwisha. Hatasikiliza dripu wala Alhamisi, atambeba mgongoni mpaka hospitali." Hapo machozi yakashuka. "Na ni kweli, angembeba. Angembeba akimpigia kelele njia nzima, asingemtua. Ndiyo maana tukamwacha aamini ni cherehani, tukamficha. Jana dada alilia, nikamwambia jikaze, dada'ngu, bado kidogo. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Jikaze."

"Basi kwa nini ulimnyooshea kidole?"

"Kwa sababu kama si yeye, ni mimi."

Nje, taipureta ya zamani ya kituo ilikuwa ikigonga maelezo ya mwizi wa baiskeli. Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja.

"Afande, niambie. Wangekitoa?"

Inspekta angeweza kusema hajui. Lilikuwa jibu jepesi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliwafikiria wale wengine, mwenye kengele na mwenye mpangaji, na ndugu zao wanaoweza kuombwa kesho kutunza siri kama hii. Akainuka, akakihamisha kiti chake kutoka upande wa polisi wa meza, akakiweka karibu na cha yule mwanamke.

"Huenda wasingekitoa," alisema. "Wangempa dawa ya kuzuia damu kuganda, na huenda Alhamisi angepata dripu yake."

Mwalimu alimwangukia begani, akalia kwa sauti. Inspekta alimshikilia. Koplo alichungulia, akaurudisha mlango taratibu.

Katika miaka yake yote ya kazi, Inspekta hakuwahi kupata wauaji wawili wa mtu ambaye hakuuawa. Aliwaketisha chumba kimoja, mume huku, shemeji kule, akawaambia kila kitu alichoambiwa na daktari, pole pole, bila kuongeza na bila kupunguza. Aliwaambia hakuna kosa la jinai na jalada linafungwa. Kuhusu kukanda, alirudia maneno ya daktari kama yalivyo: hakuna anayeweza kuapa.

Kisha mwalimu akasema la kwake. Alilisema akitazama sakafu, lote, mpaka kidole alichomnyooshea asubuhi mbele ya watu.

Mume alimgeukia.

"Kwa hiyo alikuwa akificha kwa sababu angebebwa," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Ningembeba kweli."

"Tulijua."

Mwanamume akainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Inspekta hakujua kama analia au anacheka, na pengine hata mwenyewe hakujua.

"Nimekukasirikia," alisema mume alipoweza kusema. "Nitaendelea kukukasirikia, sijui mpaka lini. Lakini sina mwingine wa kuzungumza naye habari zake. Kesho utakaa na mimi."

"Nitakaa."

"Na yule jirani," alisema Inspekta, "nitamwendea mwenyewe. Nitamweleza kifungo ni nini, na kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa umejua. Kwa kazi hiyo hana mpinzani."

Koplo aliingia na mifuko ya vielelezo, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Hakumtazama mume usoni.

"Vitu vya marehemu," alisema. "Samahani, mzee. Nilifanya haraka."

Mume alilitoa shati jeupe, akalikunjua.

"Alikuwa anakushonea la siku ya dripu ya mwisho," mwalimu alisema. "Alitaka umfuate hospitali ukiwa nadhifu, usije na unga."

Mume akavua shati lake la kazi, akalivaa jipya. Lilimkaa barabara, mabega, mikono, urefu. Vifungo vyote vilikuwepo ila cha kolani. Koplo akapekua mfuko, akakipata chini kabisa, karibu na sindano ambayo uzi wake ulikuwa bado umetungwa.

Mwalimu hakuwa mshonaji, na dada yake alikuwa akimcheka kwa hilo maisha yote. Alisimama mbele ya shemeji yake akashona, ulimi nje kidogo, akijichoma, akirudia, huku mume ameinua kidevu na kutulia. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akakifunga. Kilikaa upande kidogo.

"Kinakubana, shemeji?"

"Kidogo."

"Nikifungue?"

"Kiache," alisema mume. "Nimekwambia tu."